Maji ya Majani Dhidi ya Magonjwa ya Ukungu: Mwongozo kwa Mkulima wa Nyanya

Mkulima wa nyanya anayeanza kunyunyizia maji ya mwarobaini wakati nusu ya shamba imekwisha kukauka hataona faida yoyote, na mara nyingi ataishia kuamini kwamba dawa za asili ni maneno matupu. Jirani yake aliyeanza kunyunyizia maji hayo hayo wiki mbili baada ya kupandikiza miche, akarudia kila wiki na kuondoa majani ya chini mapema, anaweza kuvuna vizuri kwa gharama ndogo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza na kutumia dawa ya ukungu itokanayo na majani ya mimea, na zao la mfano ni nyanya, kwa sababu ndilo linalowasumbua wakulima wengi wa mboga kuanzia Ilula mkoani Iringa hadi Lushoto na Mgeta, na ndilo ambalo dawa za dukani hunyunyiziwa mara nyingi kupita kiasi.

Kabla ya kushika kinu na mchi ni vyema kuelewa kinachotokea juu ya jani. Vijimbegu vya ukungu husafirishwa na upepo na matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini, na vikitua kwenye jani lenye unyevu huota kwa saa chache, kisha hupenya ndani. Majani ya mimea fulani yana vitu vinavyozuia au kuchelewesha uotaji huo: mafuta yenye harufu kali kama yale ya kivumbasi na mchaichai, tanini na fenoli zinazopatikana katika mimea mingi, na viambato vichungu vya mwarobaini. Vitu hivyo hubaki juu ya jani. Ukungu ukishaingia ndani, maji uliyonyunyizia hayawezi kuufuata huko, na hii ndiyo sababu ya msingi ya kuyahesabu kuwa kinga. Iko pia mimea ambayo maji yake huuamsha mmea unaonyunyiziwa ujenge kinga yake wenyewe. Dawa iliyotengenezwa kwa mmea uitwao Reynoutria sachalinensis imesajiliwa nchini Marekani na huuzwa kwa kazi hiyo, na Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2014 matumizi ya mmea wa Equisetum arvense katika kulinda mazao. Nataja mifano hiyo kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba jambo hili ni la wakulima wasio na fedha ya kununua dawa.

Hatua ya kwanza: Utambue ugonjwa

Maji ya majani hayana kazi yoyote kwa mnyauko wa bakteria wala kwa magonjwa ya virusi, na kuyapoteza huko ni kupoteza nguvu bure. Kwa hiyo anza kwa kutazama mmea kwa makini, asubuhi, kabla umande haujakauka.

Bakajani tangulia huanzia kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Madoa yake ni ya kahawia iliyokolea, yana mizunguko ndani yake, duara ndani ya duara, na pembeni jani huwa la njano. Ugonjwa huu hupenda joto na hupanda taratibu kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo humpa mkulima nafasi ya kufanya kitu.

Bakajani chelewa ni jambo jingine kabisa. Madoa yake ni makubwa, hayana umbo maalumu, rangi yake ni ya kijani kilichofifia kama jani lililomwagiwa maji ya moto, kisha huwa ya kahawia au nyeusi. Geuza jani hilo asubuhi yenye umande na utazame upande wa chini, kwenye ukingo wa doa: utaona utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga. Shina nalo hupata mabaka ya kahawia, na matunda mabichi huwa na mabaka magumu yenye rangi ya mafuta yaliyochafuka. Katika hali ya baridi na mvua shamba zima laweza kuungua ndani ya siku chache. Kiumbe kinachosababisha ugonjwa huu, Phytophthora infestans, kwa uainishaji wa wataalamu si ukungu halisi, na ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Sitaki mtu yeyote wa Lushoto au Mgeta akitegemee kivumbasi peke yake wakati wa masika kupambana na adui wa namna hiyo, na nitalirudia jambo hili hapo chini.

Ubwiri unga ni unga mweupe unaotanda juu ya majani, na tofauti na hayo mawili hauhitaji jani liwe na maji ili uenee. Huonekana hata kiangazi. Katika magonjwa yote ya ukungu wa majani, huu ndio unaokubali zaidi maji ya majani yaliyochanganywa na sabuni, kwa sababu mara nyingi sehemu kubwa ya ukungu wake hukaa nje, juu ya jani, mahali dawa inapofika.

Mmea unaponyauka wote ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, huo ni mnyauko wa bakteria: ng'oa mmea, utoe shambani, na usitafute dawa ya kunyunyizia. Majani yaliyojikunja na kudumaa huku ukingo wake ukiwa wa njano mara nyingi ni dalili ya virusi vinavyosambazwa na inzi weupe.

Hatua ya pili: Chagua majani yanayopatikana karibu nawe

Kanuni yangu ni rahisi: jani bora ni lile unaloweza kulipata kila wiki kwa msimu mzima bila kulinunua wala kulifuata mbali. Mwarobaini hustawi pwani, Zanzibar, Dodoma na katika maeneo mengine ya chini yenye joto, na hapo ndipo panapofaa kuutegemea. Mkulima wa milimani atahangaika bure kuutafuta. Majani yake yana viambato vichungu vinavyozuia ukungu kadhaa, ingawa inafaa kujua kwamba kiambato chake mashuhuri dhidi ya wadudu kiko kwa wingi zaidi katika mbegu kuliko katika majani.

Kivumbasi, ambacho watu wengi hukifahamu kwa kufukuza mbu na kuhifadhi nafaka, kina mafuta yenye yujenoli au thimoli, na vitu hivi viwili vinajulikana kwa uwezo wa kuzuia ukungu. Mchaichai una sitrali, ambayo nayo ina uwezo huo. Kwa wakulima wa maeneo ya kati na ya juu, mimea hii miwili ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa kuwa inaweza kupandwa kwenye kingo za matuta na kukatwa mara kwa mara. Majani ya mpapai yamekuwa yakipendekezwa kwa muda mrefu dhidi ya ubwiri unga na kutu ya majani ya kahawa. Mkaratusi unapatikana karibu kila mahali penye baridi, lakini maji yake makali huunguza majani machanga na yanaweza kudumaza miche, kwa hiyo uutumie kwa kipimo cha nusu. Mvuti, ule wenye maua ya rangi mbili tatu unaovamia malisho, nao unafaa. Tahadhari yake ni kwamba una sumu kwa mifugo, kwa hiyo makapi yake yafukiwe mahali ambapo mbuzi na ng'ombe hawafiki.

Iko mimea ambayo nashauri iachwe. Utupa ni dawa ya wadudu na unaua samaki, lakini hauna nafasi katika mapambano na ukungu. Tumbaku isiguse nyanya kabisa, kwa sababu inaweza kubeba virusi vya batobato ambavyo huingia kwenye nyanya kupitia michubuko midogo, na kwa sababu nikotini ni sumu kali kwa anayenyunyizia. Mnanaha pia ni sumu kwa binadamu, na hakuna haja ya kuuweka kwenye zao linaloliwa likiwa bichi.

Kitunguu saumu si jani, lakini wengi hukiongeza na wana sababu. Kinapopondwa hutengeneza alisini, kitu kinachozuia ukungu na bakteria, ambacho hakimo kwenye punje nzima na ambacho hupotea haraka. Ponda gramu 100 kwa kila bomba la kunyunyizia la lita 15, uache dakika kumi hewani, ndipo uchanganye na maji ya majani na kunyunyizia siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: Piga hesabu kabla ya kukata

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na miongozo mingi huliruka jambo hili. Kipimo kinachotumika katika mwongozo huu ni gramu 200 za majani mabichi kwa kila lita moja ya dawa iliyo tayari kunyunyizia, yaani kilo 3 kwa bomba la lita 15. Nyanya zilizokwisha kufunga majani katika eka moja huhitaji takribani lita 200 hadi 400 kwa bomba la mgongoni, ikitegemea ukubwa wa mimea na nafasi kati yake. Kwa kipimo hicho, eka moja inahitaji kilo 40 hadi 80 za majani kila unaponyunyizia. Robo eka inahitaji kilo 10 hadi 20, na bustani ya mita 10 kwa 10 inahitaji kilo moja hadi mbili tu.

Hesabu hiyo inajieleza. Kwa bustani ya nyumbani, kwa kitalu, na kwa shamba la robo eka, maji ya majani ni kazi inayobebeka. Kwa eka nzima, familia itatumia siku kadhaa za kila wiki kukata, kutwanga na kuchuja, na mti mmoja wa mwarobaini utabaki mifupa kabla ya mwezi kwisha. Mwenye eka nzima afikirie kuyatumia kwenye kitalu na katika wiki za mwanzo, wakati mimea ni midogo na bomba moja linafika mbali.

Usikadirie uzito kwa macho. Nenda mara moja na ndoo yako dukani au buchani, upime majani unayotumia, kisha weka alama kwenye ndoo ili siku nyingine usihitaji mizani. Kumbuka kwamba ndoo ya majani ya mpapai na ndoo ya mchaichai hazina uzito sawa, hivyo kila aina iwe na alama yake.

Hatua ya nne: Tengeneza dawa

Kata majani yaliyokomaa lakini bado ya kijani, yasiyo na madoa, jioni ya siku iliyotangulia. Yaoshe kwa maji safi ili kuondoa vumbi na mayai ya wadudu. Yakatekate kwa kisu au panga, kisha uyatwange kwenye kinu mpaka yawe rojo. Kadiri unavyoyavunja zaidi ndivyo maji yanavyochukua dawa zaidi, na majani yaliyolowekwa yakiwa mazima hutoa rangi bila nguvu. Kinu hicho kisirudi kutwanga chakula, na ndoo pia iwe ya kazi hii peke yake, yenye maandishi au alama ambayo kila mtu nyumbani anaifahamu.

Weka kilo 3 za rojo kwenye ndoo na umimine lita 7 za maji. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya visima vyenye chumvi nyingi hugandisha sabuni ikawa utando usioyeyuka, na dawa haitashika kwenye jani. Maji ya mtaro au ya bwawa wanamonyweshwa mifugo usiyatumie, kwa kuwa nyanya huliwa mbichi na utakuwa unanyunyizia vimelea juu ya kachumbari ya mtu.

Koroga, funika ndoo, na uiache kivulini usiku kucha, kiasi cha saa 12. Kifuniko hakikwepeki. Vivyo hivyo usichemshe kivumbasi, mchaichai wala mkaratusi kwenye sufuria iliyo wazi, kwa sababu harufu inayojaa jikoni ndiyo dawa yenyewe inayopotea.

Asubuhi kamua rojo kwa kitambaa chepesi, kipande cha kanga kuukuu kinafaa, kisha uchuje maji mara ya pili kwa kitambaa chenye nyuzi zilizobana zaidi. Kuchuja mara mbili ni kazi inayochosha na ndiyo inayorukwa mara nyingi, na matokeo yake ni pua ya bomba kuziba katikati ya shamba huku mkulima akiipuliza kwa mdomo, jambo ambalo halifai hata kama dawa ni ya majani. Makapi yawekwe kwenye mboji, isipokuwa ya mvuti, ambayo hufukiwa.

Kwangua takribani gramu 30 za sabuni ya mche na uziyeyushe pembeni katika maji kidogo ya uvuguvugu. Sabuni hufanya maji yatandae juu ya jani badala ya kuviringika na kudondoka. Sabuni ya unga ya kufulia haifai; ina vitu vinavyounguza majani. Changanya maji ya sabuni na maji ya majani, mimina kwenye bomba, kisha ongeza maji safi mpaka lita 15. Dawa hiyo itumike siku hiyo hiyo. Kesho yake itaanza kuchacha na kunuka, na hapo hujui tena unanyunyizia nini.

Anayetaka akiba kwa ajili ya kiangazi anaweza kukausha majani kivulini, kamwe si juani, mpaka yavunjike mkononi, akayasaga na kuyahifadhi katika chombo kikavu kisichopitisha mwanga. Majani hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake yanapokauka, kwa hiyo kilo moja ya unga mkavu ichukuliwe kuwa sawa na kilo 3 za majani mabichi. Mwarobaini huvumilia ukaushaji vizuri kuliko kivumbasi, ambacho mafuta yake huruka.

Hatua ya tano: Jaribu kwenye mimea michache

Chagua mimea mitano, unyunyizie, na usubiri saa 48. Ukiona ncha za majani zimekauka, madoa meupe au majani yaliyojikunja, ongeza maji mpaka dawa ipungue nguvu kwa nusu na ujaribu tena. Jaribio hili lirudiwe kila unapobadilisha aina ya majani au sabuni, na kila unapotoka kwenye mimea mikubwa kwenda kwenye miche ya kitalu.

Hatua ya sita: Nyunyizia kwa namna na saa inayofaa

Ushauri wa kawaida ni kunyunyizia jioni ili jua lisiharibu dawa. Ushauri huo ni sahihi nusu. Jua kali huvunja viambato vya majani na pia laweza kuunguza jani lililolowa dawa, lakini jani linalolala na maji usiku kucha ndilo hasa ukungu unalolitafuta. Saa inayofaa ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, ili majani yakauke kabla giza halijaingia. Sehemu za milimani zenye mawingu yanayoshuka mpaka chini au baridi kali ya jioni, ni afadhali kunyunyizia asubuhi mara tu umande unapokauka.

Tumia pua inayotoa matone madogo, na ianze chini kwenda juu, ikielekea upande wa chini wa majani. Mkulima anayetembea haraka akinyunyizia juu ya mimea huwa amelowesha vumbi na sehemu ya juu ya majani, wakati bakajani chelewa linazaliana upande wa chini. Nyunyizia mpaka majani yalowe yote lakini matone yasianze kudondoka. Nyunyizia ukiwa umeupa upepo mgongo, vaa glavu, mikono mirefu na kitu cha kukinga macho. Kwamba dawa imetoka kwenye mti wa uani hakuifanyi kuwa maji ya kunywa: mwarobaini huwasha macho, na maji ya kitunguu saumu yakiingia machoni utayakumbuka mpaka usiku. Bomba lisioshewe mtoni wala kwenye bwawa la samaki.

Kwa nyanya zinazokaribia kuvunwa, acha siku tatu kati ya kunyunyizia na kuchuma, na zioshwe kabla ya kupelekwa sokoni. Harufu ya kitunguu saumu ikibaki kwenye nyanya, mteja atadhani zimeoza.

Hatua ya saba: Fuata ratiba, na ujue wakati wa kubadilisha

Anza siku 10 hadi 14 baada ya kupandikiza, hata kama hujaona doa lolote. Rudia kila baada ya siku saba katika kiangazi na kila baada ya siku tano katika kipindi cha mvua. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache baada ya kunyunyizia, hesabu kwamba hukunyunyizia, kwa sababu maji ya majani hayana gundi ya kushikilia kama dawa nyingi za viwandani.

Ratiba hiyo haitafaa kitu bila usafi wa shamba. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe mara mmea unapofika kimo cha goti, mimea isimikiwe miti na kufungwa ili hewa ipite, ardhi iwekewe matandazo ili mvua isirushe udongo juu ya majani, na maji yamwagwe shinani. Majani yenye ugonjwa yachumwe yakiwa makavu, yatiwe ndani ya mfuko papo hapo na yafukiwe au yachomwe nje ya shamba. Kuyatupa kwenye njia kati ya matuta ni kuuhamisha ugonjwa mita moja. Msimu unaofuata usipande hapo nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili wala nyanya chungu. Ningelazimishwa kuchagua kati ya dawa yoyote ya majani na kazi hizi za mikono, ningechagua kazi za mikono.

Bakajani chelewa likionekana shambani mwako au kwa jirani, na hali ya hewa ikawa ya baridi na mawingu, usiendelee kubahatisha na majani. Kimbilia dawa yenye kopa, ambayo hata kanuni nyingi za kilimo hai huiruhusu kwa kiwango maalumu. Mchanganyiko wa kopa na chokaa umekuwa ukitumika tangu ulipotangazwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885 kwa ajili ya ubwiri vinyoya wa mizabibu. Nunua iliyosajiliwa, ambayo kwa Tanzania ni iliyopitishwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, soma kibandiko, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usiichanganye na maji ya majani kwenye bomba moja, kwa sababu tanini za majani na sabuni hushikamana na kopa na kuacha mashapo.

Hatua ya nane: Weka safu ya kulinganisha

Hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba kivumbasi cha uani kwako kitafanya kazi shambani kwako, kwa kuwa nguvu ya majani hubadilika kulingana na udongo, msimu, umri wa mmea na hata aina yake. Njia ya kujua ni kulinganisha, na haihitaji maabara. Acha safu mbili za nyanya, moja ya katikati na moja ya pembeni, uzinyunyizie maji na sabuni tu, siku zile zile na kwa bomba lile lile. Sabuni lazima iwemo, kwa sababu yenyewe hupunguza ubwiri unga, na bila kuitenga utaisifu mwarobaini kwa kazi ya sabuni.

Funga uzi kwenye mimea kumi katika safu hizo na mimea kumi katika safu zinazopata dawa. Kila wiki, kabla ya kunyunyizia, hesabu majani yenye madoa kwenye kila mmea na uandike kwenye daftari, pamoja na siku za mvua. Matunda ya makundi hayo mawili yachumwe na kupimwa mbali. Ikiwa ifikapo wiki ya sita idadi ya majani yenye madoa inakaribiana, aina hiyo ya majani haikusaidii, hata kama jirani anaapa kwayo. Msimu unaofuata jaribu nyingine. Ikiwa safu za dawa zina madoa machache kwa kiasi kinachoonekana bila kubishana, angalia daftari uone kama uzito wa mavuno unalipa saa ulizotumia kutwanga.

Utaratibu huo huo unafaa kwa mazao mengine yenye majani yanayofikika. Matango, maboga na tikiti maji yenye ubwiri unga ndipo mahali ambapo maji ya mpapai au mwarobaini pamoja na sabuni huonyesha kazi mapema, mradi yaanze madoa yakiwa bado machache. Maharage yenye kutu yanaweza kunyunyiziwa kwa kipimo hicho hicho kabla ya kutoa maua. Kwa chulebuni ya kahawa nisingemshauri mtu ayategemee, kwa sababu ugonjwa huo hushambulia punje changa katika kipindi kirefu cha mvua, wakati ambapo dawa isiyo na gundi husafishwa na kila manyunyu. Aina za kahawa zenye ukinzani na kupogolea vizuri vina nafasi kubwa zaidi. Mikorosho ya Mtwara na Lindi ina ubwiri unga wake, nao kimaumbile ungeweza kuzuiwa juu ya jani, lakini bomba la mgongoni halifiki kileleni mwa mkorosho uliokomaa, na ndiyo maana wakulima wa huko hutumia salfa ya unga inayopulizwa kwa mashine.